Choya ya Uani: Udongo Uulizwe Kabla ya Mbegu

Katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita, choya hukutwa imesimama kando ya jiko la nje au pembezoni mwa banda la kuku, mashina yake mekundu yakiwa yamemzidi kimo mwenye nyumba. Wengine huiita rozela. Hupendwa kwa sababu haina makuu: haidai mbolea ya dukani, huvumilia jua la Usukumani, na mavuno ya vichaka vichache hutosha juisi ya familia kwa miezi kadhaa.

Sehemu kubwa ya kijitabu hiki inamhusu mlaji anayenunua. Makala hii inamhusu mlaji ambaye ndiye mkulima pia, yule anayepanda vichaka vitano au kumi, akakausha mwenyewe, akachemsha mwenyewe, na ziada akamwuzia jirani kwa kopo au kwa chupa. Mlaji wa namna hii hana lebo ya kusoma wala mtengenezaji wa kumhoji. Maswali ambayo kwa kawaida tunamshauri mteja amwulize muuzaji, huyu hana budi kujiuliza mwenyewe. Na katika ukanda wa dhahabu, swali la kwanza halihusu mbegu wala mbolea, bali historia ya uwanja: kabla ya kuwa bustani, mahali hapa palikuwa na nini?

Tunalisisitiza swali hilo kwa sababu choya yenyewe haitatoa jibu. Huota vizuri katika udongo uliochoka, na huweza kuota vizuri pia katika udongo uliochanganyika na mabaki ya uchenjuaji. Majani yatakuwa ya kijani, vikombe vitakuwa vyekundu, na juisi itakuwa na uchachu uleule.

Mmea wenyewe

Choya ni kichaka cha jamii moja na pamba, bamia na yale maua makubwa ya hibiskasi yanayopandwa mbele ya ofisi na mahoteli. Jina lake la kitaalamu ni Hibiscus sabdariffa. Huweza kufikia mita mbili au zaidi. Asili yake ni Afrika, na katika bara hili inanywewa karibu kila upande: Misri na Sudani huiita karkadee, Senegali bissap, Nigeria zobo.

Ua lake halisi ni la rangi ya njano hafifu au waridi iliyopauka, lenye doa jekundu la kukoza katikati. Huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Kile tunachokiita "maua ya choya" sokoni si ua hata kidogo. Ni vikombe vyenye nyama vilivyolishika ua kwa chini, ambavyo baada ya ua kuanguka huendelea kunenepa na kukifunika kifuko cha mbegu. Jambo hili si la wataalamu tu. Vikombe hivyo hukaa wazi kichakani kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvunwa, vikiwa na mikunjo inayoshika vumbi, na vumbi ndilo jambo kubwa katika mazungumzo yetu.

Udongo wa ukanda wa dhahabu

Dhahabu ya eneo hili haikuanza jana. Mgodi wa Geita wa zama za ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Baadaye wachimbaji wadogo walienea Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko, na migodi mikubwa ikafuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Miji na vijiji vimehama na kukua juu ya ardhi hiyohiyo. Palipokuwa na mwalo wa kuoshea mchanga miaka ishirini iliyopita, leo pana nyumba yenye hati, na mwenye nyumba aliyenunua kutoka kwa mtu wa pili au wa tatu hana habari.

Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha hadi yakawa unga, kisha huuosha unga huo na kuuchanganya na zebaki. Zebaki hushikamana na punje za dhahabu. Bonge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Unga uliooshwa, ambao wenyewe huuita marudio, hulundikwa ili uje kuchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Ndani yake mna zebaki iliyobaki, pamoja na metali zilizokuwamo ndani ya mwamba tangu awali, kama risasi na aseniki, ambazo zilikuwa zimefungwa katika jiwe hadi jiwe liliposagwa.

Kwa macho, marudio ni mchanga mzuri. Ni mlaini, hauna mawe, na haumgharimu kitu anayeuchota. Ndiyo maana watu huubeba kujazia mashimo ya uwanjani, kusawazisha mahali penye matope, hata kuchanganyia udongo wa kupandia. Tunaomba lisifanyike, na hasa lisifanyike katika eneo la mboga na choya.

Hatusemi kwamba kila uwanja wa Geita au Msalala una sumu. Kauli ya namna hiyo ingekuwa ya uongo na ingewadhuru watu ambao mashamba yao ni salama kabisa. Tunachosema ni kwamba hatari imekaa madoadoa: uwanja mmoja unaweza kuwa safi na wa jirani ukawa na kasoro. Kwa hiyo ushauri wa jumla haumsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kuuliza juu ya uwanja wake.

Waulizeni wazee wa mtaa na mwenyekiti wa kitongoji. Je, palikuwa na karasha au mwalo? Palikuwa na vishimo vya saruji vya kuchenjulia? Kuna mtu aliyekuwa akichomea dhahabu hapa au nyumba ya jirani? Kisha tazameni udongo wenyewe. Mkazi wa Usukumani anaijua ardhi yake kwa majina: luseni ya kichanga, mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi, itogolo ngumu. Udongo ambao haufanani na lolote kati ya hayo, wa kijivu au mwekundu uliopauka, laini kama unga wa muhogo, unaoganda ukikauka na ulio kama tuta lililomwagwa badala ya ardhi iliyolala, unastahili kutiliwa shaka. Mahali ambapo hata magugu yameota kwa kusuasua pia pana jambo la kueleza, ingawa kuota kwa magugu vizuri hakuthibitishi usalama.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kupeleka sampuli maabara, na hapa tunatoa tahadhari moja kwa sababu wananchi wengi hulipia kipimo kisicho chao. Kipimo cha rutuba, kile kinachoeleza naitrojeni, fosforasi na uchachu wa udongo, hakisemi chochote kuhusu zebaki, risasi wala aseniki. Ni lazima kuomba kwa jina kipimo cha metali nzito. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na afisa kilimo wa kata anaweza kueleza namna ya kuchukua sampuli: si gao moja la udongo kutoka pembeni, bali mchanganyiko wa sehemu kadhaa za uwanja, kutoka juu hadi kina cha jembe.

Sumu huingiaje kikombeni?

Watu wengi hudhani kwamba mmea hunyonya sumu kutoka chini kama unavyonyonya maji, na kuipandisha yote juu. Kwa zebaki si hivyo hasa. Mizizi ya mimea mingi huishikilia sehemu kubwa ya zebaki iliyomo udongoni. Inayokutwa kwenye majani, kwa kiasi kikubwa, imetoka hewani. Risasi nayo hufika kwenye chakula zaidi kama vumbi lililotua kuliko kama utomvu uliopanda. Aseniki hutofautiana na mmea na udongo.

Kwa choya maana yake ni hii: kichaka kilichopandwa kwenye udongo safi kinaweza bado kuchafuliwa na karasha linalosaga upande wa upepo, au na jirani anayechomea dhahabu kwenye kikaango nyuma ya nyumba. Mvuke wa zebaki hauonekani, na wala hauna harufu ya kumtahadharisha mtu. Na tofauti na mchicha unaochemshwa kwa maji matupu, choya ni chachu sana. Uchachu huo, ndio uleule tunaoupenda, huyeyusha metali zilizoshikwa na vumbi na kuziingiza katika kinywaji. Maji ya kuchemshia hayamwagwi, ndiyo yanayonywewa.

Iko methali nyingine ya kisayansi hapa ambayo hutuchekesha kidogo ofisini. Ndugu wa karibu wa choya, Hibiscus cannabinus, mmea wa nyuzi unaolimwa kwa ajili ya magunia na kamba, umechunguzwa na wanasayansi katika nchi mbalimbali kama mmea wa kusafishia ardhi yenye metali, yaani upandwe, unyonye, ung'olewe na kutupwa. Sifa hiyo ni njema kwa mmea wa magunia. Kwa mmea wa kunywa ni sababu ya kuchagua mahali pa kuupanda kwa uangalifu.

Anayeona kwamba tunakuza jambo, na akumbuke yaliyotokea Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Wanavijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walipoteza maisha. Hawakuwa wachimbaji, walicheza, walikula na kulala katika nyua zilizojaa vumbi, na ilibidi udongo wa nyua hizo uondolewe kabla ya matibabu kuwa na maana. Mwamba wa Geita si mwamba wa Zamfara, na hatulinganishi viwango. Tunalinganisha mazoea ya kusagia na kuchomea mahali watu wanapoishi na kupika. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja uchomaji wa dhahabu yenye zebaki katika maeneo ya makazi kuwa miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa.

Kupanda na kutunza

Uwanja ukisharidhisha, kazi iliyobaki ni nyepesi na ya kupendeza.

Choya hupenda luseni na udongo wa kichanga-tifutifu unaopitisha maji. Mbuga nyeusi huituamishia maji na kuiozesha mizizi. Aliye na mbuga tupu apande juu ya matuta. Chagueni mahali penye jua la siku nzima. Kivulini choya hurefuka kama inayotafuta kitu, na hutoa vikombe vichache.

Mvua za Shinyanga huanza kwa kawaida Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei, na Geita hupata zaidi kidogo. Pandeni mapema, mvua zikishatulia. Choya ni mmea unaopata ishara ya kuchanua siku zinapokuwa fupi, na hapa karibu na ikweta siku hazirefuki sana wakati wowote. Kwa hiyo iliyochelewa kupandwa haingoji ikue ndipo ichanue. Huchanua ikiwa fupi, kiangazi kikiwa mlangoni, na mwenye nayo hulaumu mbegu.

Tieni mbegu mbili au tatu kila shimo, kina cha sentimita moja hadi mbili na nusu, na mashimo yaachane takribani mita moja. Nafasi hiyo huonekana kubwa mno siku ya kupanda, na wengi huipunguza. Baada ya miezi mitatu hujuta. Miche ikifikia kiganja, bakizeni mmoja ulio na nguvu. Ikifika magotini, kateni ncha ya juu ili itawanye matawi, kwa kuwa vikombe huzaliwa kwenye matawi. Palizi ni ya wiki nane za mwanzo tu. Baada ya hapo kichaka hujifunikia chini chenyewe.

Samadi iliyooza vizuri yatosha, na Usukumani samadi haijawahi kuwa tatizo. Kosa la kawaida ni kuizidisha. Choya iliyoshibishwa samadi huwa na majani mapana ya kuvutia na vikombe vya kuhesabika. Mkono mmoja au miwili kwa shimo, mara moja, inatosha.

Kwa asiye na uwanja wa kuaminika, choya huota vema katika kiroba au ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini. Jazeni sehemu mbili za udongo wa luseni uliotoka mbali na machimbo na sehemu moja ya samadi iliyooza. Ndoo isiwe iliyowahi kubeba kemikali, hata kama imeoshwa mara kumi. Choya ya ndooni haitafika mita mbili, lakini itazaa, na itahitaji maji kila siku ya jua kali.

Maji ya kumwagilia yasitoke kwenye mabwawa ya makarasha, mashimo yaliyoachwa au mifereji inayopita mialoni, hata yakionekana maangavu. Maji ya mabaki ya uchenjuaji huweza kuwa maangavu kuliko ya kisima.

Wadudu, na dawa za pamba

Kwa kuwa choya ni jamaa wa pamba, wadudu wa pamba huijua. Kangambili, yule mdudu mwekundu mwenye mistari, huifuata mbegu iliyo kifukoni. Vidukari na nzi weupe huja majanini, na vijibuu vinavyoruka kama kiroboto hutoboa majani machanga matundu madogomadogo. Mara nyingi madhara hayo ni ya sura tu. Kangambili huokotwa kwa mkono asubuhi na kutumbukizwa kwenye maji ya sabuni. Vidukari huoshwa kwa maji yenye msukumo.

Linalotupa wasiwasi ni dawa. Katika nyumba ya mkulima wa pamba pana chupa ya kiuatilifu iliyobaki, bomba limening'inia, na choya ina kangambili walewale. Ni rahisi mtu kuunganisha mambo hayo matatu. Kiuatilifu kilichosajiliwa kwa pamba kimepimwa kwa pamba, ambayo watu huivaa. Kiwango chake na siku zake za kungoja kabla ya kuvuna havikuwekwa kwa kitu kinachochumwa na kunywewa. Msiitumie. Kama shamba la pamba limepakana na choya yenu, panda upande wa upepo utokako, na siku jirani anaponyunyizia msichume. Mabua ya choya nayo yang'olewe baada ya mavuno kama yanavyong'olewa mabua ya pamba. Yakiachwa yamesimama kiangazi kizima, huwa nyumba ya kangambili wanaosubiri msimu mpya wa jirani.

Kuvuna na kukausha

Vuneni vikombe vikiwa vinene na laini, wiki mbili hadi tatu baada ya ua kuanguka, kabla havijawa vigumu na kifuko hakijaanza kupasuka. Chumeni asubuhi umande ukishakauka. Kifuko cha mbegu hutolewa kwa kusukuma kipande cha bomba chenye upana wake kutoka chini. Anayefanya kwa kucha atachoka kabla ya ndoo kujaa.

Kisha osheni. Tunajua kwamba wapo wanaokataa kuosha wakisema rangi inapotea. Rangi haipotei kwa kuosha haraka katika maji baridi mara mbili. Hupotea kwa kuloweka. Kuosha huondoa sehemu kubwa ya vumbi, na kwa yote tuliyoyaeleza hapo juu, hii ndiyo dakika yenye faida kuliko zote katika kazi nzima. Fanyeni kabla ya kukausha, si baada, kwani vumbi likishakaukia katika mikunjo halitoki.

Akina mama wa Usukumani waliokausha michembe na matobolwa hawahitaji kufundishwa kukausha. Tunaongeza mambo machache tu yanayoitofautisha choya. Majabali ya mawe yanayotumika kwa michembe hayaifai choya ikiwa yako karibu na barabara ya vumbi au karasha; tumieni kichanja kilichoinuliwa, kwenye kivuli chenye upepo, kimefunikwa kwa chandarua safi. Chandarua chenye dawa ya mbu hakifai. Jua kali la moja kwa moja huipausha. Na wala isikaushwe kamwe katika uwanja ambamo dhahabu huchomwa, hata kama kazi hiyo hufanyika mara moja kwa wiki.

Kilo kumi za vikombe vibichi hutoa takribani kilo moja ya vikavu. Choya imekauka inapovunjika kwa sauti mkononi. Ikikunjika kama ngozi, bado. Inayofungwa kabla ya wakati huota ukungu ndani ya mfuko, na yenye ukungu hutupwa yote. Kuchagua vile vibaya na kubakiza vingine hakusaidii.

Sufuria, maji na kikombe

Uchachu wa choya hula chuma. Isichemshwe wala kulazwa katika sufuria ya alumini, na hasa zile zinazosubuwa mitaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu, ambazo huweza kuwa na risasi ndani yake. Chuma cha pua au enameli isiyobanduka ndiyo salama. Asiye navyo achemshe maji peke yake katika sufuria aliyo nayo, kisha ayamimine juu ya choya ndani ya chombo cha kioo au cha plastiki cha chakula kinachohimili joto, afunike dakika kumi na tano. Juisi hutoka vizuri vilevile. Kuhusu kikaango au sufuria iliyowahi kuchomea dhahabu, hatuna namna ya kuisafisha ya kupendekeza. Haifai tena kwa chakula.

Maji nayo yana habari yake. Sehemu za Shinyanga zina visima vyenye floridi nyingi, na katika ukanda wa dhahabu tafiti zimekuta aseniki katika baadhi ya vyanzo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na aseniki isizidi mikrogramu 10. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi hata kimoja kati ya hivi viwili. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani, kilichomo huzidi kukolea. Penye bomba la maji ya Ziwa Victoria, tumieni hayo kwa juisi, na ya kisima yabaki kwa kufulia. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi nayo yanafaa, isipokuwa kwa nyumba zilizo karibu na makarasha, ambako bati hupokea vumbi lilelile.

Kuna imani moja tunayokutana nayo kila mahali: kwamba choya huongeza damu. Imeenea kwa sababu ya rangi. Choya ina vitamini C, na ina madini ya chuma kidogo, lakini ina pia viambato vinavyozuia mwili kuyapokea madini hayo ipasavyo. Mjamzito aliyepewa vidonge vya madini ya chuma na foliki kliniki asiviache kwa sababu anakunywa choya. Tunapenda pia aongee na mhudumu wa afya kabla ya kuinywa kwa wingi, kwa kuwa usalama wake katika ujauzito haujathibitishwa. Kwa upande wa shinikizo la damu imani ina ukweli zaidi: majaribio kwa watu yameonesha kuwa choya hulishusha kwa kiasi fulani. Ndiyo sababu anayemeza dawa za shinikizo amweleze daktari, maana viwili vinavyoshusha vikikutana huweza kushusha kupita kiasi; na aliyeacha dawa akategemea choya yumo katika hatari kubwa zaidi.

Ukimwuzia jirani

Siku unapoiuza, hata kwa chupa tatu, umeacha kuwa mlaji na umekuwa mtengenezaji. Usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, ambako hupata mafunzo na barua ya kumtambulisha. Chupa za maji zilizookotwa zisitumike tena, sembuse za viuatilifu. Andika tarehe, andika ulikolima, na mteja akikuuliza choya imeota wapi, mjibu kwa jina la kitongoji. Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza hivyo, na hatakiwi kuona haya.

Kama choya imekwishaota pasipofaa

Huenda anayesoma haya ana vichaka kumi vilivyokwisha kuchanua, na sasa ndiyo kwanza amekumbuka karasha la zamani. Msivichome moto, kwani zebaki iliyo majanini hurudi hewani. Msivilishe mbuzi. Viacheni visimame kwa ajili ya ua lake la asubuhi, ambalo lina uzuri wake. Chumeni vikombe kabla havijapasuka ili mbegu zisienee, na watoto waambiwe wasivitafune. Mvua zikiisha ng'oeni mabua, yafukieni hapohapo uwanjani mbali na kisima, na funikeni eneo hilo kwa nyasi au zulia la majani ili vumbi lisipeperuke kiangazi. Mbegu za msimu ujao nunueni kwa muuzaji aliyesajiliwa, na ziandalieni viroba kabla ya Novemba.